Kitambaa cha Manjano na Kibuyu cha Ukutani

"Ng'ombe yangu ananyima maziwa kwa sababu yako," Tecla alisema, akainua ndoo juu ya ua wa kayaba ili Mokaya aone mwenyewe. "Tazama hapo chini. Hiyo ni maziwa ama ni machozi?"

"Mama Joan, ng'ombe ananyima kwa sababu ya hayo mabua makavu unampa."

"Mabua ni yale yale ya mwaka jana. Kitu mpya hapa ni televisheni yako. Kila asubuhi nikishika chuchu, nyiaaau, nyiaaau, kama nyuki amefungiwa kwa debe. Ng'ombe anaruka. Juzi amenipiga teke hapa kwa paja. Nikuonyeshe?"

"Usinionyeshe."

"Sikuwa nakuonyesha. Mtu mzima na mvi zako, unaamka kutazama magari yakizunguka mahali pamoja. Kwani hayo magari yanaenda wapi?"

"Yanarudi pale yalitoka."

"Basi si yangekaa tu."

Mokaya alitazama ndoo, akatazama bonde ambako ukungu ulikuwa bado umelalia majani chai, kisha akageuka akaingia ndani. Kelele ikaendelea vile vile. Tecla akabaki na ndoo yake, na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwagiwa.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, msimu wa magari haujaanza, Mokaya akirudia mbio za mwaka jana, kule juu ya Roret, upande wa Kericho, mahali ambapo shamba la mtu na la jirani hutenganishwa na ua na mazoea. Tecla alikuwa mjane mwenye kipande cha majani chai, ng'ombe mmoja aitwaye Madoa, na ulimi ambao kanisa zima liliujua. Mokaya alikuwa Mkisii aliyekuja zamani kuendesha lori la kiwanda, lile linalozunguka vituoni kukusanya majani. Alipostaafu hakurudi kwao. Alikuwa amenunua hapo, akajenga hapo, na mkewe Janefer akazikwa hapo hapo nyuma ya migomba. Mwanawe Okemwa alikuwa Nakuru. Alikuja Krismasi, akala, akaangalia saa, akaenda.

Kelele ya magari ilikuwa kosa la juu tu. La chini ni kibuyu.

Janefer alipoanza kuugua, chakula kilimkataa. Kitu kimoja tu alichotamani ni mursik ya Tecla, yale maziwa ya kugandisha yenye majivu ya mkaa. Tecla akamletea, na hakumletea kwa chupa ya plastiki kama mtu anayelisha paka. Alimletea ndani ya sotet ya marehemu mama yake, kibuyu chenye mkanda wa ngozi na shanga, kile ambacho watu wa nyumba yake walikiona tu kukiwa na mgeni wa maana. Janefer akanywa, akasema Mungu akubariki, na kabla mwezi haujaisha akafa.

Sasa, nani atasimama matangani aulize kibuyu? Tecla akanyamaza. Matanga yakaisha, akangoja kidogo, mwanamume apate nafasi ya kulia. Mvua ikaja, ikaenda. Kibuyu hakikurudi. Haya ya kuuliza ikakaa sana moyoni, ikachacha, ikawa hasira. Na kwa sababu huwezi kumgombeza mfiwa juu ya kibuyu, unamgombeza juu ya televisheni.

Mtoto wa Tecla ni mmoja tu, Joan Chepkurui. Alikuwa Australia, anaosha wazee wa watu. Tecla aliwaambia hivyo wanawake wa kanisa, "anaosha wazee wa watu," halafu akaongeza, "na wake anajiosha." Walicheka. Yeye hakucheka.

Mwanzoni Joan alipiga simu kila jioni. Kisha kila Jumapili. Kisha akipata nafasi. Kwa hivyo simu ilipolia siku moja ya Jumatano, Tecla akiwa katikati ya mistari ya majani na kikapu mgongoni, moyo wake uliruka kabla ya mkono.

"Mama, nimepata kibarua kingine," Joan alisema. "Kuna mashindano ya magari yanakuja hapa, ile mbio ya kwanza ya mwaka. Dunia nzima inatazama. Mimi nitakuwa nasafisha majukwaa ya watazamaji."

"Ya magari? Hata huko?"

"Mama, sikiliza. Raundi ya mwisho kabisa, nitashuka nisimame kwenye uzio mbele ya jukwaa, pale wanapomalizia. Nitapunga kile kitambaa chako cha manjano, kile ulinifunga siku ya kuondoka. Kamera hupita pale. Utaniona. Ni Jumapili, kwenu itakuwa saa moja asubuhi. Utatazama?"

"Nitatazama."

Alisema haraka, kama mtu anayeshika kitu kabla hakijaanguka. Simu ilipokatika ndipo akakumbuka kwamba televisheni yake ilikaangwa na radi wakati wa mvua moja ya mawe, na sasa ilikuwa mahali pa kuwekea Biblia.

Akafikiria hoteli za Roret zenye televisheni. Hoteli za Roret Jumapili asubuhi zinauza chapati na mahubiri, na mpira ukibaki. Nani atamfungulia mwanamke mmoja saa moja aangalie magari? Alizunguka na hilo jambo Alhamisi yote na Ijumaa yote, na kila alipozunguka alitokea mlango ule ule.

Jumamosi, alipomaliza kukamua, akajifunga leso safi, akapita penye pengo la ua, akasimama mlangoni kwa Mokaya.

"Nimekuja kuona hii kitu inapigia ng'ombe yangu kelele."

Mokaya alimtazama kidogo. "Karibu, Mama Joan. Kiti ndicho hicho."

Kiti kilikuwa cha Janefer, na kitambaa chake cha kushonwa kwa mkono bado juu. Tecla akakaa ukingoni. Akainua macho atazame televisheni, na juu ya televisheni, kwenye msumari, kando ya picha ya Janefer, kibuyu cha mama yake kilikuwa kimening'inia na mkanda wake na shanga zake. Kimepanguswa vumbi. Kama pambo.

Alikuwa amekuja na shida yake, na mwenye shida hachagui ukuta wa kutazama.

"Hii ya leo si mbio," Mokaya alisema, akivuta kiti chake. "Leo wanatafuta foleni. Kila mmoja anakimbia peke yake na saa. Mwenye raundi ya haraka kuliko wote, kesho anasimama mbele. Mwenye raundi mbaya anasimama nyuma."

"Ngoja. Kesho mbio inaanza, wengine tayari wako mbele?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni wizi. Mbio, watu wanasimama mstari mmoja."

"Hii barabara ni nyembamba. Wakisimama mstari mmoja watauana kona ya kwanza."

Tecla akalifikiria hilo. Shuleni alikuwa amekimbia pekupeku, akapelekwa mpaka wilayani, na binamu wa marehemu mumewe alikuwa mkimbiaji wa timu ya jeshi. Mambo ya mbio, kwake, yalikuwa kama mambo ya uji.

"Ni wangapi?"

"Timu kumi na moja. Kila timu magari mawili, ya rangi moja."

"Kwa hivyo huyu mwekundu na yule mwekundu ni ndugu."

"Ni ndugu wa shamba moja."

"Basi wanachukiana."

"Sana," Mokaya alisema, na kwa mara ya kwanza tangu matanga meno yake yakaonekana.

Akamweleza pole pole, kama mtu aliyekaa muda mrefu na habari bila wa kumpa. Kwamba wanaanza sasa mwezi wa tatu na kuzunguka dunia mpaka Disemba, nchi kwa nchi. Kwamba wa kwanza anapata pointi ishirini na tano, na wanaomfuata wanapungukiwa hivyo hivyo mpaka wa kumi, anayepata moja.

"Na wa kumi na moja?"

"Anapata jasho."

"Na pointi ni za nini?"

"Ni kama majani. Unapeleka kituoni kidogo kidogo, hujui kama unatajirika ama unachoka tu. Bonasi ya mwisho wa mwaka ndiyo inakuambia. Dereva mwenye pointi nyingi ni bingwa, na timu yenye nyingi ni bingwa pia."

"Hapo nimeelewa."

Akamwonyesha magurudumu, yenye alama nyekundu ni laini na ya mbio lakini huisha upesi, yenye nyeupe ni magumu na huvumilia, ya manjano yako katikati. Kwamba kesho katikati ya mbio kila gari litaingia kando libadilishiwe yote manne, na wale mafundi watamaliza kabla hujafika "uliye mbinguni."

"Na wewe ulijifunzia wapi mambo haya?"

"Zamani rali ilipita hapa. Nilikuwa turnboi, kijana wa kumsaidia dereva, lori yetu imekwama kwa matope. Gari moja ikapita kando yetu kwa matope hayo hayo kama inapita juu ya lami. Sikusahau." Akakohoa. "Lakini mwaka huu usiogope, hata sisi wa zamani ni wageni. Wamebadilisha sheria, wamebadilisha gari, injini karibu nusu ni stima. Hakuna anayejua nani ana nguvu. Mimi na wewe tumeingia darasa la kwanza pamoja."

Magari yakapita, nyiaaau. Tecla akashika masikio.

"Kwa nini unaweka juu hivyo? Wewe si kiziwi."

"Janefer alikuwa anaongea sana."

"Najua."

"Basi."

Tecla naye nyumba yake aliijua, jinsi jioni sufuria ikiguswa inavyolia kama kengele ya shule. Ndipo akamwambia habari ya Joan, uzio, raundi ya mwisho, kitambaa. Alimwambia akitazama mikono yake.

Mokaya akapunguza sauti mwenyewe, bila kuombwa. "Kitambaa rangi gani?"

"Manjano."

"Ai. Mama Joan, manjano kule ni hatari. Bendera ya manjano ikipungwa, madereva wanapunguza mwendo, mtu ameanguka. Huyo msichana atasimamisha mbio ya dunia."

"Ni mtoto wangu. Anaweza."

Jumapili Tecla aliamka na giza, akavaa nguo ya kanisa, akavua, akavaa nyingine nzuri zaidi, kana kwamba televisheni inaona pande zote mbili. Akajikuta amechelewa. Madoa akalia zizini. "Ngoja wewe," Tecla akamwambia. "Mwenzako nina mtoto." Akapita ua bila kukamua.

Mokaya alikuwa amepika chai ya strungi, kwa sababu yeye ng'ombe hana. Tecla angeweza kuja na kikombe cha maziwa, ila alikuwa bado na kinyongo. Walikunywa hivyo, nyeusi. Taa nyekundu zikawaka juu ya barabara, moja baada ya nyingine mpaka tano, zikazima zote pamoja, na magari yote yakatoka kama ng'ombe walioona pengo la ua.

Mwanzoni ilikuwa fujo. Baadaye macho yakazoea, na Tecla akaanza kuona mbio ndani ya ile kelele. Aliona nani anavizia na nani anachoka. Aliona mmoja anapigwa raundi na wa mbele, anaonyeshwa bendera ya buluu akae kando, wakubwa wapite. Huyo wa mwisho akamkaa moyoni. Kamera ilimgusa kidogo ikamwacha, akabaki kule nyuma peke yake na barabara yake, akikata kona kwa uangalifu kama mtu anayetazamwa.

"Huyu hawamwonyeshi," alisema.

"Kamera haina haja na wa mwisho."

"Mama yake anamtafuta."

Mokaya akainamia kikombe chake.

Majukwaa yalikuwa yamejaa watu kama punje kwenye gunzi. Kila kamera ilipoyapitia, Tecla alisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. Raundi zikahesabiwa chini kwenye kona ya kioo. Zilikuwa zimebaki chache Mokaya aliposema, "Tengeneza macho," na papo hapo gari moja likateleza, likazunguka, likazama kwenye kokoto na vumbi. Bendera zikapungwa kila upande. Za manjano.

"Yule!"

"Ni bendera."

"Yule pale, kando ya uzio!"

"Ni bendera, Mama Joan. Ni watu wa kazi."

"Yule."

"Bendera."

Barabara yote ikawa ya manjano, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mtoto wake. Gari jingine likatokea, la kawaida tu, lenye taa za kumulika kichwani, likatangulia mbele ya wote, na magari yote ya mbio yakajipanga nyuma yake yakaenda pole pole kama watu wa mazishi. Nyumba ikatulia. Na katika utulivu huo Madoa akalia upande wa pili wa ua, mlio mrefu wa kiwele kinachouma.

Tecla akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Kukamua. Hawa bado wanavutwa na pesimeka."

"Hiyo si pesimeka. Hiyo ni gari la usalama. Wakitoa ile gari iliyoanguka, litatoka kando na hawa watakimbia saa hiyo hiyo. Raundi zimebaki kidogo."

"Baba Okemwa," Tecla alisema akivaa viatu mlangoni, "nimejua pesimeka kabla hujajua Kericho. Ni mkimbiaji wa kukodiwa, anatangulia, anavuta wenzake, wanamfuata kama kondoo. Mradi yuko mbele, mbio ya ukweli haijaanza. Mwenye akili ndiye huwa anaenda haja saa hiyo. Usifundishe Mkipsigis mbio."

"Nakuambia kaa."

"Nakuja."

Madoa alisimama kama malaika. Kelele haikuwapo, hewa ilikuwa baridi na safi, na maziwa yakashuka mazito, yakipiga ndoo kwa sauti nene ambayo Tecla hakuwa ameisikia wiki nyingi. Mkono ukanogewa. Akakamua chuchu za mbele, akahamia za nyuma, akaweka paji la uso kwenye ubavu wenye joto, akafikiri jinsi atakavyomwambia Joan, nilikuona, ulikuwa umekonda, unakula nini huko?

Nyiaaau.

Madoa akarusha mguu. Ndoo ikaenda upande mmoja, kigoda upande mwingine. Tecla hakuangalia hata maziwa. Alikimbia na mikono yake yenye mafuta ya kukamulia, akapita pengoni, miiba ya kayaba ikachukua kipande cha ile nguo nzuri, akafika mlangoni akihema.

Kwenye kioo bendera ya miraba ya kumaliza mbio ilikuwa imeshapungwa, na magari yalikuwa yanapunguza mwendo.

"Amepita?"

Mokaya alikuwa amesimama katikati ya nyumba, karibu sana na televisheni, kama mtu aliyetaka kuingia. "Waliachiliwa sasa hivi tu. Raundi moja, ikaisha."

"Nimeuliza, amepita?"

"Nilitazama mpaka macho yakatoa maji. Kamera ilipita pale kwenye uzio. Sikumwona, Mama Joan."

"Hata kitambaa."

"Hata kitambaa."

Tecla alisimama. Kulikuwa na maziwa kwenye viatu vyake.

"Ungesema umemwona," alisema. "Ungekufa?"

"Ungeniuliza amefananaje. Ningesema nini?"

"Ungesema amenona. Ungesema anacheka. Ni maneno tu, Mokaya, hayanunuliwi." Hakumwita Baba Okemwa. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, kila kitu kikatoka. "Lakini wewe ni mtu wa kukaa na vitu vya watu. Kibuyu cha mama yangu kimeketi ukutani kwako kama picha ya rais. Nilikileta kwa mgonjwa. Sikukileta kiwe pambo."

Mokaya akageuka akatazama ukuta, kisha akatazama chini. Tecla akaondoka kabla hajainua macho.

Kanisani hakwenda. Alivua ile nguo iliyoraruka, akaiweka kitini, akakaa kando yake. Majirani walipita barabarani kwenda ibada na Biblia chini ya kwapa, na yule Rebeccah wa akina mama wa kanisa akaita, "Tecla, huji?" naye akakohoa ili asijibu. Mchana ukawa mrefu. Mawingu yakapanda kutoka upande wa msitu kama kawaida yake, mvua ikashuka, ikaja na mawe, bati likalia mpaka mtu asingeweza kusikia mawazo yake. Kwa hilo alishukuru.

Simu ililia mvua ilipokuwa inapungua. Aliiangalia kidogo kabla ya kuishika.

"Mama. Uliniona?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, umevaa nguo. Nilikuona. Ulikuwa na kitambaa. Nani angejua? Lakini palepale akamwona yule mzee wa Kisii katikati ya nyumba yake na macho yanayotoka maji, aliyekuwa na nafasi ya kudanganya kwa bure asidanganye.

"Sikukuona," Tecla alisema. "Nilikuwa nakamua."

Alisikia pumzi ya mtoto wake ikivuka maji yote hayo.

"Walisimama, gari moja imeanguka, nikadhani wamesimama sana. Ng'ombe akalia. Nikaenda. Nikarudi imeisha. Hasira yangu yote nimeipeleka kwa jirani."

Ikaja sauti ambayo hakuijua ni kicheko ama ni kilio.

"Mama, mimi sikuwa hapo."

"Hukuwa wapi?"

"Kwenye uzio. Msimamizi alinituma vyoo vya upande wa pili, vimefurika. Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Nikasikia tu watu wakipiga kelele mwishoni, na mimi niko na mopu." Akavuta kamasi. "Nimekaa hapa tangu nitoke kazini naogopa kukupigia. Nilikuwa naogopa utasema uliniona."

Tecla akaketi vizuri.

"Ningejua unaniambia tu ili nifurahi," Joan alisema. "Na ningejua hunijui tena, mtu yeyote wa manjano anaweza kuwa mimi."

Mawe ya mvua yalikuwa yanayeyuka uani, meupe, kuku wakiyadonoa na kushangaa. Tecla alitafuta neno kali, maana hayo ndiyo aliyokuwa nayo kwa wingi, akakosa.

"Kazi ni mbaya?" aliuliza.

"Si mbaya. Ni kimya tu. Wale wazee hawakumbuki jina langu. Naweza kumaliza wiki bila mtu kuniita."

"Joan."

"Mama."

"Joan Chepkurui."

"Nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Nakuita tu."

Walikaa hivyo mpaka simu ikaisha nguvu.

Mvua ilipokatika kabisa aliona mtu anapita penye pengo, polepole, akikanyaga pembeni mwa matope kama dereva anayechagua barabara. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na amekumbatia kibuyu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa watu.

"Mama Joan."

"Karibu."

Hakukaa. "Janefer kabla hajaenda aliniambia, chombo cha watu kirudishe, na kisirudi kitupu. Kwetu pia ni hivyo, haya hata mtoto hafundishwi. Sasa mimi ng'ombe sina. Kila mara nilikishika, nikaona, nitatia nini? Nitampelekea Mama Joan kibuyu cha hewa? Nikakirudisha kwa msumari. Nikawa nakipangusa tu." Alikitazama. "Ukae unajua sikukisahau."

Tecla alipokea. Kilikuwa kizito. Akafungua kifuniko, akainamisha pua. Harufu ya mkaa aliokuwa ameupaka kwa mkono wake ilikuwa imekwisha zamani. Ndani mlikuwa na maziwa meupe mepesi, yenye harufu ya duka.

"Mokaya. Haya ni ya pakiti."

"Ni ya pakiti."

"Umeenda mpaka Roret kwa hii mvua kununua maziwa ya pakiti, ukatia kwa sotet ya mama yangu."

"Hakirudi kitupu," Mokaya alisema, naye alikuwa amelowa mpaka magotini.

Mama yake Tecla angelia. Ama angecheka mpaka akae chini. Alikuwa mwanamke wa namna zote mbili. Tecla akamimina yale maziwa yote kwenye sufuria, tone la mwisho, akatikisa kibuyu kuhakikisha, kisha akakitundika juu ya moto pale kilipokuwa kikikaa siku zote.

"Deni limeisha," alisema. "Keti, Baba Okemwa. Umenyeshewa kama mbuzi."

Akatia majani, akatia sukari bila kuuliza. Walikunywa chai ya maziwa wakitazama nje. Mokaya alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, kama mtu anayekumbuka. Tecla akamwambia kwamba Joan hakuwa uzioni, na yeye akatikisa kichwa tu, asiseme nilikuambia.

"Ile nyingine ni lini?" Tecla aliuliza.

"Ya China. Jumapili ijayo, saa nne."

"Hiyo ni saa ya kanisa."

"Ndiyo."

"Na yule wa mwisho, yule hawamwonyeshi, atakuwepo?"

"Atakuwepo. Pointi hajapata hata moja, lakini atakuwepo."

Tecla akaosha vikombe. Mokaya alipofika mlangoni, akamwita.

"Saa ya kukamua, punguza hiyo sauti."

"Nitapunguza."

Alikuwa ameshafika pengoni aliposikia tena sauti ya Tecla nyuma, si kali, na si kubwa.

"Usipunguze sana."